Maswali ya Wasomaji: Prairi sio uwanja mtupu

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wetu mlioko katikati ya Marekani na kule Kanada mtuambie mnapumzikia wapi siku za likizo, na kusema kweli barua nyingi zilikuwa za milima na maziwa, lakini lilikuwepo fungu moja lililonifurahisha sana, la watu wanaoishi Kansas, Nebraska, Iowa, Dakota zote mbili mpaka Saskatchewan, wanaouliza kuhusu zile nyasi zinazowazunguka, yaani prairi. Wengine wanaogopa, wengine wanaona hamna kitu pale, na wapo walioenda wakarudi na maswali. Nimechagua machache, nimefupisha barua ila maswali ni yaleyale.

Shikamoo dada. Mimi nipo Wichita mwaka wa pili sasa. Wenzangu kazini wanasifia Flint Hills, vile vilima vya nyasi vya hapa Kansas, kila siku, nikapita kwa gari nikaona majani tu mpaka basi. Kuna nini cha kwenda kutembea pale?

Marahaba mdogo wangu. Ukipita na gari spidi maili 70 kwa saa utaona majani tu, hata mimi ningeona hivyohivyo. Prairi inataka ushuke utembee, tena polepole, na uangalie chini kama unavyoangalia mbali.

Nikuanzie na kwanini pale pana thamani. Prairi ya nyasi ndefu zamani ilianzia Kanada ikashuka mpaka Texas, leo imebaki chini ya asilimia 4 tu, nyingine karibu yote imelimwa ikawa mahindi na soya. Na sehemu kubwa ya hiyo iliyobaki ipo hapohapo Flint Hills, karibu na kwako kabisa. Ilipona kwa sababu ya mawe, manake chini kidogo tu ya udongo kuna chokaa iliyojaa mawe magumu ya gumegume, jembe halipiti, kwaiyo wakulima wakaacha wakaweka ng'ombe. Yaani unakanyaga ardhi ambayo haijawahi kulimwa, sehemu ngapi za nchi ile unaweza kusema hivyo?

Pa kuanzia ni Tallgrass Prairie National Preserve, ipo jirani na Strong City na Cottonwood Falls, ilianzishwa 1996, ina ekari karibu 11,000 na njia za kutembea kwa mguu kama maili 40 hivi, kiingilio hamna, na njia ziko wazi saa 24. Kama hujazoea anza na Southwind Nature Trail, haifiki maili 2, inazunguka inakurudisha ulipoanzia. Ukishapata miguu nenda Scenic Overlook, hiyo ni zaidi ya maili 6 kwenda na kurudi na inapita ndani ya eneo la baisani, yaani nyati wa Marekani, huko juu utaelewa wenzako walikuwa wanasifia nini.

Muda wa kwenda unategemea unataka kuona nini. Mwezi wa tano na wa sita ni maua, na nyasi bado fupi unaona mbali. Ukitaka nyasi zenyewe nenda mwezi wa tisa mpaka wa kumi, hapo ile nyasi kubwa inayoitwa big bluestem imeshapita kichwa cha mtu mzima sehemu zenye unyevu, shina limegeuka rangi ya zambarau na wekundu, na juu mbegu zimegawanyika mara tatu kama mguu wa ndege. Shika shina moja uliangalie vizuri, alafu kumbuka mizizi yake inaenda chini mita 2 hadi 3 na zaidi. Sehemu kubwa ya mmea iko chini ya miguu yako huioni. Mwezi wa saba na wa nane mi sikushauri kama ndo mara ya kwanza, joto lake sio mchezo na kivuli hakuna hata kimoja. Ukilazimika nenda alfajiri, beba maji ya kutosha, tuseme nusu lita kwa kila saa unayotembea na zaidi kama joto ni kali, kofia pana na shati la mikono mirefu.

Dada, hao baisani ni wapole? Nimeona picha watu wamesimama nao karibu kabisa.

Hapana, na hizo picha zinaniumiza roho. Baisani dume anafika kilo 900, anakimbia mpaka kilomita 50 na kitu kwa saa, we huwezi kumkimbia hata uwe nani. Anaonekana mzito na mvivu kwa sababu muda mwingi anakula au amelala, watu wanadhani ni ng'ombe. Sio ng'ombe.

Sheria ya hifadhi za taifa Marekani ni usimkaribie chini ya yadi 25, yaani mita 23, lakini kwenye nyasi wazi ambapo hamna mti wala gari la kujificha mi nasema kaa mita 100, na hata zaidi kama kuna ndama. Kuanzia katikati ya mwezi wa saba mpaka wa nane ni msimu wao wa kupandana, madume wanapigana na hasira zipo juu, hapo ongeza umbali. Angalia mkia, ukining'inia na kupepea inzi bado ametulia, ukiinuka juu jua amekasirika na anaweza kukujia muda wowote. Pia akiacha kula akakukazia macho, akitikisa kichwa, akipiga kwato chini, umeshamkaribia sana, rudi nyuma taratibu. Wakikaa katikati ya njia usiwapigie kelele wapishe, zunguka mbali au geuza. Njia ni yao kabla ya kuwa yetu.

Ukiwa unatembea utaona mashimo mapana yasiyo na kina, udongo mtupu katikati ya nyasi. Hapo ndo wanapogaragara kujitoa wadudu na manyoya ya zamani. Mvua ikinyesha yale mashimo yanashika maji, vyura wanataga, mimea ya majimaji inaota humo ambayo pembeni hatua tano tu haipo. Simama uangalie, pana mambo mengi pale. Na kumbuka wanyama hawa walikuwa makumi ya mamilioni wakawindwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1880 wakabaki chini ya elfu moja. Hao wa Tallgrass wameletwa 2009 kutoka hifadhi ya Wind Cave, South Dakota. Kwaiyo kumuona baisani prairini leo ni bahati ambayo vizazi viwili vitatu nyuma yetu havikuipata, tumpe nafasi yake.

Mimi na mume wangu tulikuwa hifadhi ya Badlands, South Dakota, mwezi wa sita, mawingu yakaja ghafla na radi zikaanza, tukalala chini kwenye nyasi mpaka zikapita. Tulifanya sawa?

Poleni sana dada, na nashukuru mmetoka salama. Ila kulala chini sio sawa, naomba msirudie. Radi ikipiga ardhi umeme unasambaa kwenye udongo, na ukiwa umelala mwili wako umegusa eneo kubwa, umeme unakupitia kirahisi.

Hili swali nalichukulia uzito kuliko yote kwenye ukurasa huu kwa sababu watu wakienda prairi wanawaza nyoka, wanawaza kuliwa na mnyama, kumbe kitu cha kuogopa ni anga. Pale we ndo kitu kirefu kuliko vyote. Dhoruba za kule mara nyingi zinajengeka mchana kuelekea jioni, miezi ya nne mpaka ya nane ndo zaidi, na uzuri wa prairi ni kwamba unaiona ikija kutoka mbali sana, ubaya ni kwamba gari nalo liko mbali. Kwaiyo kazi kubwa inafanyika kabla. Angalia utabiri wa National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, asubuhi kabla hujatoka, anza kutembea mapema ili saa sita saba mchana uwe unarudi, na kila baada ya muda geuka uangalie upande wa magharibi, manake huko ndiko nyingi zinatokea. Ukiona wingu linapanda juu kwa kasi na kichwa chake kinatanuka kuwa bapa, usisubiri ngurumo, geuza.

Ukishasikia ngurumo ujue radi inaweza kukufikia hata kama hapo ulipo jua linawaka. Kimbilia gari lenye paa la chuma, funga vioo, usishikeshike vyuma vya ndani, na kaeni humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kama gari liko mbali hamna pa kukimbilia, kusema ukweli hakuna sehemu salama, ila punguzeni hatari. Shukeni kutoka kwenye kilele au mgongo wa kilima, kaeni mbali na mti uliosimama peke yake, na hili watu hawalijui, kaeni mbali na uzio wa seng'enge, manake waya unabeba umeme kutoka mbali. Msikae pamoja, achaneni mita 20 hivi, ili akipigwa mmoja mwenzake aweze kumsaidia. Na endeleeni kuelekea kwenye gari. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, mnaweza kumgusa mara moja, pigeni 911 na kama hapumui anzeni kumkandamiza kifua.

Watoto wangu wana miaka 6 na 9. Naogopa kupe na nyoka. Niwapeleke au niache?

Wapeleke mama, tafadhali wapeleke. Watoto wanaipenda prairi kuliko sisi kwa sababu wao wako karibu na ardhi.

Nianze na kupe maana ndo utakutana nao kweli. Kupe haruki wala hadondoki kutoka juu, anapanda kwenye ncha ya jani, anashika kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele ameinyoosha anasubiri mtu apite amgusie. Kwaiyo ukitembea katikati ya njia iliyofyekwa unawakwepa wengi, ukikata katikati ya nyasi ndefu unawabeba. Suruali ndefu ya rangi nyeupe au ya maziwa ili waonekane, ichomeke ndani ya soksi, hata kama watoto watalalamika. Nguo na viatu unaweza kuvipulizia dawa ya kuua kupe inayoitwa permethrin siku moja kabla na kuviacha vikauke kabisa, hiyo ni ya nguo tu sio ya ngozi, na kama mna paka nyumbani muwekeni mbali ikiwa bado mbichi. Ngozini tumia dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET kwa kufuata maelezo ya kopo.

Mkirudi nguo ziingie kwenye mashine ya kukausha kwa moto mkali dakika 10 hata kabla ya kufuliwa, alafu wakague watoto, nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kitovuni, kwenye mapaja kwa ndani, nyuma ya magoti. Ukimkuta amenasa chukua kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma na kiberiti, hizo ni za zamani na zinaharibu. Andika tarehe. Ikitokea homa, kichwa au vipele wiki mbili tatu zinazofuata nenda hospitali na uwaambie kabisa kuwa aling'atwa na kupe, usingoje wao waulize. Upande wa Kansas, Oklahoma na Missouri kuna kupe mwenye doa jeupe mgongoni, huyo kwa baadhi ya watu anasababisha mzio wa nyama nyekundu, mtu anakula ng'ombe usiku anaamka amevimba na kuwashwa. Ni vizuri mjue.

Nyoka wapo, hasa wenye njuga mkiani, ila wanataka amani. Wafundishe watoto wasiweke mkono wala mguu sehemu wasiyoiona, na wakisikia njuga wasimame kwanza, waangalie sauti inatoka wapi, ndo warudi nyuma. Akiumwa mtu msikate, msinyonye, msifunge kamba, vueni pete na saa, atulie, 911.

Na vile vipanya vikubwa vinavyochimba na kusimama kwenye mashimo vikipiga kelele, prairi dogi, watoto watavipenda hao, ila wasiwalishe wala kuwashika, viroboto vyao vinaweza kubeba tauni.

Naweza kuingia tu kwenye nyasi yoyote nikatembea? Naona hamna mtu wala nyumba.

Usithubutu ndugu yangu. Kutokuona nyumba haimaanishi hamna mwenyewe. Kansas karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, na ranchi inaweza kuwa maelfu ya ekari bila hata kibanda.

Tafuta ardhi ya umma. Kuna kitu kinaitwa National Grasslands, yaani nyanda za nyasi za taifa, ziko 20, zinasimamiwa na Forest Service, idara ya misitu ya Marekani, watu wengi hawazijui na ndo maana ziko kimya. Nyingi zimetokana na yale mavumbi ya miaka ya 1930, wakulima walilima nyasi yote, ukame ukaja, udongo ukapeperuka, wakafilisika, serikali ikainunua ile ardhi na kuanza kuirudishia nyasi. Kwaiyo ukitembea Pawnee kule Colorado, au Buffalo Gap South Dakota, unatembea juu ya kidonda kilichopona. Sehemu nyingi unaruhusiwa kupiga kambi bila kulipa, kwa kawaida hadi siku 14, lakini hamna choo hamna bomba.

Sasa shida yake ni kwamba zimechanganyika na ardhi za watu, kipande cha umma, kipande cha mtu, tena cha umma. Shusha ramani kwenye simu kabla hujaondoka manake mtandao utakatika, na ubebe ya karatasi pia. Geti liache kama ulivyolikuta, kama lilifungwa lifunge, kama lilikuwa wazi liache wazi, mwenye ng'ombe ana sababu zake. Msimu wa uwindaji vaa rangi ya chungwa inayowaka. Na angalia matangazo, mfano pale Pawnee Buttes eneo la karibu na miamba hufungwa kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 30 Juni ili kozi na tai walee vifaranga. Heshimuni hilo jamani, ndege akishtushwa akaacha mayai juani kidogo tu yameharibika.

Kaka zako tupo wawili, tuna baiskeli za milimani na tumezoea kulala porini. Tupe njia ndefu ya kweli.

Maah Daah Hey, North Dakota. Maili 144, ndani ya Little Missouri National Grassland, inaunganisha maeneo ya hifadhi ya Theodore Roosevelt, unafuata nguzo za mbao zenye alama ya kobe. Sio tambarare hata kidogo, ni kupanda na kushuka mabonde siku nzima.

Mambo matatu. Maji ya mito na mabwawa yana udongo mwingi na ng'ombe wanayanywea, msiyategemee, pangeni kwa kambi zenye pampu na muulize ofisi ya Forest Service kama zinafanya kazi, au mtangulie kwa gari mfiche maji yenu kwenye yale makasha yaliyowekwa kwa kazi hiyo. La pili, baiskeli hairuhusiwi kwenye njia za ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo upande wa kusini mtazunguka kwa njia ya Buffalo Gap, hii ni ya hukohuko North Dakota, sio ile ya South Dakota niliyoitaja juu. La tatu ndo linawakwamisha wengi, ule udongo wa mfinyanzi ukilowa unateleza na unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki, huwezi kuendesha wala kusukuma. Mvua ikinyesha wekeni hema, subirini ikauke, mbali na kuwaumiza nyinyi mkipita mnaacha mifereji njiani inayokauka hivyohivyo. Wekeni siku moja au mbili za ziada kwenye ratiba.

Tulienda mwezi wa nne tukakuta vilima vyote vimeungua, tukasikitika. Nani amefanya hivyo?

Wenyewe wahifadhi, na wenye ranchi. Msisikitike. Prairi bila moto inageuka kichaka, mierezi myekundu inaingia na nyasi zinakufa kwa kukosa jua. Kabla yao watu wa asili ya pale, wakina Osage na Kaw, walikuwa wanachoma tangu zamani. Nyasi inaota kutoka chini ya udongo kwaiyo moto unapita juu tu, wiki mbili tatu unaona kijani kibichi, na baisani wanakimbilia hapo kwanza kwa sababu majani mapya ni matamu. Rudini mwezi wa tano. Ila siku ya kuchoma yenyewe njia zinafungwa, pigeni simu kabla, na mkiona moshi msiusogelee kwa ajili ya picha.

Mama yangu anakuja kututembelea, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Natamani aione prairi.

Ataiona vizuri tu. Tallgrass kuna Bottomland Trail, tambarare, changarawe imeshindiliwa, mnatembea kidogo mnakaa. Badlands kuna Window Trail na Fossil Exhibit Trail, ni fupi na hata kiti cha magurudumu kinapita. Alafu mpandishe kwenye gari mpite Sage Creek Rim Road, ni barabara ya vumbi, mwendo wa pole, baisani mnawaona kutokea kwenye kiti na mji mzima wa prairi dogi uko pembeni mwa barabara. Nendeni asubuhi, mbebee sweta manake upepo wa kule hata mwezi wa sita unaingia mwilini, na mbebee kiti cha kukunja. Barabara ikiwa imelowa iacheni mpaka kesho yake.